Aliyekuwa Akifagia kwa Gaudensia

Mimi sina elimu ya kutunga. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa masista, nikatoka, nikaolewa. Kwa hiyo ukiona humu jambo limekaa vibaya, usidhani nimelitia chumvi. Limekaa vibaya kwa sababu ndivyo lilivyotokea, na nililiona kwa macho haya haya ambayo leo yanataka miwani ili nichambue mchele. Mume wangu Otmar angekuwa hai ungemuuliza. Yeye hakupenda habari za mizimu, lakini lile gunzi alilishika kwa mkono wake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Otmar alikuwa dereva wa malori ya chama cha ushirika tangu sijazaa. Mara wakaanza kuja wanunuzi wa mahindi wenye mizani zao, ushirika ukayumba, malori yakauzwa moja moja, na Otmar akarudi nyumbani Mpitimbi na barua ya kumuaga. Hakukaa. Alikwenda mnadani akanunua pikapu kuukuu ya bluu, mlango wa upande wangu umefungwa kwa kamba. Tukawa tunapeleka mahindi na abiria Songea mjini, tunarudi na chumvi, sabuni na marobota ya mitumba. Mimi nilikaa mbele, ndiyo maana najua majina ya vyuma ambavyo wanawake wa rika langu hawavijui.

Katikati ya njia, kwenye kona yenye mikaratusi, palikuwa na nyumba ya Gaudensia. Gaudensia ni rafiki yangu tangu tuko wadogo tunawachotea masista maji. Alinisimamia ndoa. Mume wake, Method, alikufa mapema, na yeye hakujaliwa mtoto, lakini nusu ya watoto wa njia ile walitokea mikononi mwake, maana alikuwa mkunga. Masista walimfundisha, wakampa mkoba wa wembe na uzi. Hata Rustika wangu, mtoto pekee aliyenibakia kati ya wanne, ni yeye aliyemtoa, na Rustika alimwita Mama Mdogo. Mimi na Gaudensia tulikuwa tumeahidiana jambo moja ambalo wanawake marafiki huahidiana: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha.

Shika hapo. Sasa nikueleze gari.

Siku moja, tumeegesha sokoni Bombambili, mtu akaiba mfuniko wa tangi la mafuta. Mfuniko wa gari la zamani utaupata wapi? Otmar akachukua gunzi la hindi, akalichonga kidogo, akaziba tundu. Gari likatembea vizuri tu, wiki hata mbili. Ndipo fundi wetu wa mjini, Xaveri, alipofungua kabureta akakuta mchanga. Akaniangalia akacheka.

"Mama Rustika, hilo gunzi lenu linakula vumbi. Mnaninywesha gari udongo!"

Niliona aibu, kana kwamba amekuta sufuria yangu chafu. Nilipofika nyumbani nikachukua nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, nikalizungusha gunzi mara tatu, nikalishindilia, nikakaza juu yake kwa mpira wa baiskeli kwa fundo langu la kufungia kuni. Hata tone la maji lisingeingia. Otmar akanisifu. Nami nikajisifu moyoni.

Baada ya hapo gari likaanza kuumwa.

Si ugonjwa wa kila wakati, hapana, laiti ungekuwa wa kila wakati! Likitoka nyumbani linakwenda kama jipya. Tukikaribia kona ya mikaratusi linaanza kumisi, linavuta, linaacha. Otmar akitoa mguu, ule muungurumo wa gari lililosimama, ambao mafundi wanauita sailensi, unapanda, unashuka, boneti inatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha kimya. Otmar alipiga stata mpaka betri ikachoka. Tunakaa nusu saa. Gaudensia anatoka na kata ya togwa: "Karibuni tena wageni wangu wa lazima!" Tunakunywa, tunacheka, Otmar anajaribu, gari linawaka, tunaondoka.

Tukitoka mjini kurudi, ni vilevile. Kona ile ile.

Tulikwenda kwa Xaveri sijui mara ngapi. Alibadilisha plagi. Alipiga msasa platini. Alileta koili ya gari jingine, akaleta pampu ya mafuta, akafungua kabureta akaipuliza kila tundu kama mpiga filimbi. Na kila tulipofika gereji kwake gari lilikuwa zima, kama mtoto anayenyamaza akimwona daktari. Xaveri alikuwa na mazoea: kabla hajafungua boneti, anafungua tangi na kuchovya kijiti aone mafuta yako wapi. Nani kati yetu aliyekitazama kile kijiti? Hakuna.

Aliyesema neno la kwanza alikuwa Sesilia, muuza dagaa, yuko nyuma juu ya magunia.

"Jamani, nyie hamuoni? Gari halizimi kwa fundi. Halizimi kanisani. Linazima kwa mjane. Akishawapa togwa, linawaka!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Safari iliyofuata likazima pale pale, na hakuna aliyecheka. Otmar akaacha kunywa togwa. Mimi nilipokea kata, nikazunguka nyuma ya gari, nikamwaga kwenye majani. Nilipoinua uso, Gaudensia alikuwa ananitazama. Alichukua kata yake akaingia ndani.

Rustika alikuwa ameolewa na Alanus, kijana mwema. Mwaka ule Alanus alikuwa Tunduru kwenye biashara ya korosho, basi Rustika akaja kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza. Masika. Uchungu ulimshika asubuhi, na ndani ya saa chache nikaona damu isiyo ya kawaida. Alinishika kanga akasema, "Mama, mwite Mama Mdogo."

Nikasema tunakwenda hospitali. Hilo lilikuwa sahihi, usinielewe vibaya. Damu ile ilitaka hospitali. Lakini sikumkatalia Gaudensia kwa sababu ya hospitali. Nilimkatalia kwa sababu ya maneno ya Sesilia.

Tulimlaza nyuma kwenye godoro, tukamfunika turubai. Mimi nilipanda naye. Nilikuwa nimemshika kichwa nikisali, huku nikihesabu madaraja, na tulipokaribia mikaratusi nikasikia gari linaanza kuvuta na kuacha. Nikasema Yesu na Maria, si leo. Likatetemeka. Likazima.

Gaudensia alitoka mbio kwenye mvua, mkoba wake mkononi, kichwa wazi.

"Dada, nipishe nimwone."

Nilisimama juu ya gari, mikono nimeitandaza hivi. Nikamwambia, "Usimguse mwanangu. Hujashiba?"

Alirudi nyuma kama niliyempiga kofi. Rustika alisema, "Mama, mwache." Akasema tena. Mara ya tatu niliona midomo tu. Otmar alikuwa kichwa chini ya boneti, analia na kupuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, petroli inamchuruzika kidevuni. Gaudensia hakuondoka. Alisimama kwenye mvua hatua kumi kutoka kwetu, mkoba kifuani, mpaka mwisho. Gari lilipowaka hatukuwa na haja tena ya kufika kokote. Mwanangu alizikwa na mtoto wake tumboni.

Nilimvika kitenge cha kijani mwenyewe. Kwa kuchanganyikiwa nikamfunga fundo mgongoni badala ya ubavuni. Kumbuka hilo fundo.

Baada ya msiba hakuna aliyesema kwa sauti, ila watu waliacha kumwita Gaudensia kuzalisha. Kisha mawe yakaanza kurushwa juu ya bati lake. Asubuhi moja alikunja mkeka akaenda Maposeni kwa kaka yake, Wolfram. Niliisikia habari hiyo nikiwa mashineni nasaga. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Afadhali." Mbele ya watu. Naliandika hilo neno hapa ili lisife na mimi kama siri.

Gari tuliliegesha muda mrefu. Mwaka uliofuata, ile miezi ya baridi ambayo ukungu wa kwetu unakaa njiani mpaka jua lipande, tulikuwa na mahindi ya kupeleka mjini, tukaliondoa. Saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani. Nilikuwa na amani kidogo, maana kona ile haikuwa tena na mtu.

Likazima pale pale.

Otmar alikaa ameshika usukani. Kisha akasema, "Ameondoka yeye, ameacha kazi yake." Akashuka kwenda nyumba za mbele kutafuta watu wa kusukuma. Nilimsikia hatua zake, halafu ukungu ukazimeza.

Nikabaki peke yangu. Ndipo niliposikia ufagio.

Chwa, chwa, chwa. Wa majani makavu, unafagia taratibu, kwa Gaudensia. Nikafikiri kuna mtu amehamia. Nikashuka, nikavuka majani yenye umande, nikaiona nyumba: mlango umeng'olewa, upande mmoja wa ukuta umeanguka. Lakini uwanja ulikuwa safi, una mistari ya ufagio kama siku ya Pasaka. Na katikati yake mwanamke ameinama, amenipa mgongo.

Kitenge cha kijani. Fundo mgongoni.

Niambie wewe: ni mwanamke gani anayejifunga fundo mgongoni mwenyewe? Nikakaa chini pale pale kwenye umande. Akageuka. Alikuwa ni Rustika, na tumbo lake lilikuwa bado lipo.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza, hukukimbia? Mtu anamkimbiaje mwanawe? Nilimwambia, "Mwanangu, unafanya nini hapa?"

Hakunisalimia. Yeye aliyekuwa hanipiti bila shikamoo.

"Nafagia," akasema. "Mama Mdogo akirudi asikute uchafu."

"Anarudi lini?"

"Wewe ndiye uliyemkataza asiniguse. Na mimi siwezi kuzaa peke yangu, Mama."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala usingizi miaka hii yote. Alisema kama mtoto anayesubiri kufunguliwa mlango. Akaegemeza ufagio ukutani, akanipita, baridi yake ikanigusa kama hewa inayotoka ndani ya kisima. Akafika kwenye gari, nami nyuma yake, akaweka kiganja juu ya tangi.

"Na hili, mbona umelikaza hivi? Nalo linataka pumzi."

Akafungua mpira, akalivuta gunzi.

Niamini. Tangi lilivuta hewa kwa sauti ndefu, *fyuuuu*, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo siku nyingi. Nikaisikia mpaka kwenye mbavu. Kitu kikaanguka miguuni pangu: gunzi langu, nailoni ya mbolea, mpira wa baiskeli. Nikaliokota. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Uwanja ulikuwa na mistari ya ufagio na hapana wayo hata mmoja.

Sijui kuendesha, lakini nilikuwa nimekaa kando ya dereva miaka mingi. Niliingia, nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja. Likaunguruma pale pale limesimama, sailensi imetulia kama paka aliyeshiba. Otmar aliporudi na watu wawili, Kassian na mdogo wake Ditriki, alinikuta nimeushika usukani nalia.

"Nani kaliwasha?"

Nikamweleza yote. Kassian na Ditriki waliondoka bila kuaga. Otmar alininyamazisha kuhusu Rustika, akasema ni ukungu na huzuni. Lakini alilitazama gunzi kwa muda. Kisha, dereva ni dereva, akalirudisha akalikaza kama nilivyolikaza, akaliendesha gari mbele na nyuma njia ile mpaka likatetemeka na kuzima. Akalichomoa gunzi, *fyuuu*, likawaka. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu hakuliwasha tena. Alishuka akakaa barabarani kwenye udongo.

"Hewa," akasema. "Mafuta yakitoka lazima hewa iingie. Tangi likizibwa kabisa, mafuta hayatoki. Linakwenda mwendo fulani, linakabwa. Tukisubiri, linaiba hewa kidogo kidogo, linawaka. Na Xaveri akifungua tangi achovye kijiti chake, analipa hewa bila kujua." Akaonyesha njia kwa kidole. "Kutoka kwetu mpaka hapa, kutoka mjini mpaka hapa. Mwendo ule ule. Hata pangekaa padri, gari lingezima kwa padri."

Hakuniambia "ni wewe". Hakuwahi kuniambia mpaka anakufa. Hilo nalo ni mzigo.

Siku ile ile tulishusha mahindi kando ya njia tukaenda Maposeni. Gaudensia alikuwa kibarazani kwa Wolfram anapukuchua mahindi, magunzi yamemzunguka. Nilipiga magoti, nikaliweka langu mapajani pake. Alilichukua, akapitisha kidole kwenye mpira.

"Nilikuwa naliona hili fundo kila mkisimama," akasema. "Nalijua tangu tunafunga kuni. Ila sikujua linafanya nini."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na tumbo?"

"Alikuwa nalo."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na mkoba wake.

Tulifika kwenye kona jua limeshatoka, ukungu umekwisha. Uwanja ulikuwa bado na mistari ile. Alimwambia Otmar abaki kwenye gari, atazame upande wa pili. Mimi nikawa namfuata, akanigeukia.

"Wewe kaa huko. Siku ile ulisimama katikati. Leo simama pembeni."

Nikasimama pembeni. Alitandika kanga katikati ya uwanja, akapiga magoti mbele ya pasipo mtu. Akaanza kusema, polepole, kwa sauti ile ile aliyonisemesha mimi nilipokuwa namzaa Rustika: "Vuta pumzi, mwanangu. Usisukume bado. Nipo. Nipo, nimeshakuja. Haya. Haya sasa." Jasho lilimtoka. Mikono ilikuwa imeshika kitu nisichokiona, na ilikuwa inalemewa na uzito. Mwisho alichukua uzi akafunga, akachukua wembe akakata hewa. Kisha akakunja kanga, polepole, kona kwa kona, akaipakata.

"Ni wa kike," akasema. "Mpeni jina."

Otmar, ambaye hakupenda mambo haya, alisema kutoka kwenye gari bila kugeuka: "Gaudensia."

"Hapana. Mpeni jina la nyumbani kwenu."

Tukamwita Otilia, jina la mama yangu. Ufagio ulioegemezwa ukutani ukaanguka wenyewe, na hapakuwa na upepo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeusikia tena.

Otmar alisimama kanisani Jumapili mbili mfululizo, baada ya misa, akawaonyesha watu gunzi na kuwaeleza. Xaveri alilia. Sesilia alisema yeye alikuwa anatania tu. Waliorusha mawe hawakujitokeza. Gaudensia hakurudi kwenye nyumba yake.

Alinisamehe, aliniambia hivyo. Lakini aliongeza, "Usiniletee chakula, dada. Ukinipa kitu nitakumbuka togwa yangu kwenye majani." Tukikutana sokoni alinijibu salamu, akaniulizia afya, akapita. Miaka yote. Alipofariki nilikwenda Maposeni na sabuni na kanga mpya, nimeshakunja mikono ya blauzi. Wolfram akanizuia mlangoni, mwenyewe anaona haya.

"Dada, aliacha neno. Alisema wewe usimguse."

Nilikaa nje na waombolezaji. Niliwasikia wanawake wengine ndani wakimwaga maji.

Kwa hiyo nafanya kile nilichoachiwa. Ile nyumba sasa ni kichuguu cha udongo na mikaratusi imekatwa, lakini uwanja upo. Zamani nilikuwa nikienda kila Ijumaa. Sasa magoti yamekataa, mjukuu wa Ditriki hunipeleka kwa pikipiki mara moja kwa mwezi. Nafagia pote, sibakishi jani. Na njiani nikisikia gari limesimama linatetemeka, sailensi inapanda na kushuka, nashuka, namuuliza dereva mfuniko wake wa tangi ukoje. Wananiona bibi kichaa. Waache.

Na wewe uliyenisikiliza, chombo chako kikikwama mbele ya mlango wa mtu, usitazame kwanza mlango. Tazama mikono yako. Kumbuka ilifunga nini, na ilikaza kiasi gani, siku ile uliposifiwa.